Kuchagua Meni Swichi Inayofungwa Haraka: Kazi Inaanzia Dukani



Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi ambako zahanati, shule za awali na nyumba za wachungaji zilikuwa zikitegemea taa za chemli, jenereta au paneli za jua. Kamati za ujenzi za sharika zinaniuliza swali moja mara kwa mara: tununue meni swichi gani ambayo fundi ataifunga haraka, ili TANESCO watakapofika kuunganisha wakute jengo liko tayari?

Swali hili ni la haki. Fundi anayetoka mjini analipwa kwa siku, na chakula chake na malazi ni juu ya usharika. Kila siku inayoongezeka inakula sadaka ya watu. Hata hivyo, katika makala haya napenda kuonyesha kwamba haraka ya kweli haitokani na mikono ya fundi. Inatokana na kisanduku kilichochaguliwa vizuri, na uchaguzi huo unafanyika kabla fundi hajapanda ngazi.

TULIVYOJIFUNZA KWA GHARAMA

Miaka kadhaa iliyopita tulifunga umeme katika zahanati mojawapo ya dayosisi yetu. Nililetewa hati tatu za bei, na mimi mwenyewe ndiye niliyetia sahihi ile ya chini kabisa. Kisanduku kilikuwa cha kampuni moja, breka za kampuni nyingine, na basiba, yaani kile kipande cha shaba kinachogawa umeme kwa breka zote, ilinunuliwa peke yake.

Siku ya kwanza ya kazi fundi alinipigia simu. “Mratibu, breka hizi hazikai kwenye basiba hii. Meno ya basiba hayaelekei midomo ya breka.” Kazi niliyoipangia nusu siku ilichukua siku mbili. Fundi alipiga tupa, akakata vipande vya waya na kuunganisha breka moja hadi nyingine. Tulilipa siku zile na tukadhani mambo yamekwisha.

Mvua za masika zilipoanza, maji yaliingia kwenye taa ya barazani. Ilikuwa usiku, na mama mmoja alikuwa katika uchungu. Kifaa cha usalama kilikata umeme kama kinavyotakiwa, lakini kwa kuwa tulikuwa na kifaa kimoja tu kwa jengo zima, zahanati yote iliingia gizani: taa ya barazani, chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo kwa pamoja. Mkunga alijaribu kupandisha mkono wa swichi, ukarudi chini. Hakukuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha breka ipi ni ya nini. Alimzalisha yule mama kwa mwanga wa simu. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walikuwa salama. Asubuhi mganga mfawidhi alizihamishia chanjo kituo cha jirani ndani ya kisanduku cha baridi, kwa sababu chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8.

Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi niliyotia sahihi.

NDANI YA KISANDUKU KUNA NINI

Kisanduku ambacho wengi wetu tunakiita meni swichi kina kazi tatu. Ya kwanza ni kuzima umeme wa jengo lote kwa mkono mmoja. Hiyo ndiyo swichi kuu yenyewe. Ya pili ni kuugawa umeme katika njia mbalimbali, kila njia ikiwa na breka yake. Breka hukata umeme pale waya unapobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, au nyaya zinapogusana. Ya tatu ni kumlinda mtu asidhurike na umeme unaovuja, na kazi hii inafanywa na kifaa kinachoandikwa RCD au RCCB.

RCD inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua unaorudi, maana yake kuna mahali unavujia, pengine kupitia mwili wa mtu. RCD ya miliampia 30, ambayo ndiyo ya kumlinda mtu, inatakiwa kukata chini ya theluthi moja ya sekunde.

Baadhi ya ndugu husema breka zinatosha. Tupige hesabu. Majengo yetu mengi yana chuma cha erthi kilichopigwa ardhini, na katika udongo mkavu ukinzani wake unaweza kufika omu 50 au zaidi. Umeme wetu ni volti 230. Gawa 230 kwa 50, unapata ampia 4.6. Pasi mbovu ikivujisha ampia 4.6 kwenye erthi, breka ya ampia 32 haitashtuka kabisa, hata ile ya ampia 6 haitakata. Mwili wa pasi utabaki na umeme, ukimsubiri atakayeishika. RCD ya miliampia 30 itakuwa imekwisha kukata. Kwa hiyo, kisanduku kisicho na RCD, hata kama kinafungwa kwa dakika kumi, msikinunue.

HESABU KABLA YA KWENDA DUKANI

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Kamati nayo iketi na fundi, wahesabu njia. Kwa zahanati ndogo hesabu inaweza kuwa hivi:

1. Taa za chumba cha kujifungulia na wodi: breka ya ampia 6 au 10, waya wa milimita za mraba 1.5.
2. Taa za vyumba vingine: vivyo hivyo.
3. Taa za nje: vivyo hivyo, lakini njia yake peke yake.
4. Soketi za kawaida: breka ya ampia 20, waya wa 2.5, au ampia 32 ikiwa waya wa 2.5 unazunguka na kurudi kwenye breka ile ile.
5. Soketi ya friji ya chanjo peke yake: ampia 16, waya wa 2.5.
6. Kichemshio cha vifaa: ampia 16 au 20, waya wa 2.5.
7. Pampu ya maji: ampia 16, waya wa 2.5.

Hizo ni njia saba. Ongezeni tatu au nne za akiba, maana zahanati hukua: leo hakuna maabara, kesho ipo. Kisanduku chenye nafasi za akiba kinamwezesha fundi kuongeza njia mpya kwa muda mfupi. Kilichojaa kinamlazimu aning'inize kisanduku cha pili pembeni, au abandike nyaya mbili kwenye breka moja.

Angalieni pia namna wauzaji wanavyohesabu. Breka ya kawaida inachukua nafasi moja, yenye upana wa karibu milimita 18. RCD inachukua nafasi mbili, na swichi kuu mbili pia. Kisanduku kinachoitwa cha njia 12 mara nyingine kimehesabu nafasi za RCD ndani ya hizo 12. Muulizeni muuzaji: zikishafungwa swichi kuu na RCD, zinabaki nafasi ngapi za breka?

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Kwanza, chagueni kisanduku ambacho swichi kuu, RCD, basiba na nyaya za ndani vimekwisha kufungwa kiwandani. Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa. Kazi ambayo fundi angeifanya kwa saa nyingi juu ya ngazi imefanywa mezani, kwa vipimo sahihi, na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku.

Pili, breka zote ziwe za kampuni ile ile iliyotengeneza kisanduku. Breka za kampuni tofauti zinaweza kukaa vizuri kwenye reli, kwa kuwa reli ina upana wa milimita 35 kwa karibu wote. Lakini midomo yake haiko kwenye kimo kimoja, kwa hiyo jino la basiba linaweza kushikwa nusu, au kuwa nyuma ya kibano badala ya ndani yake. Kwa macho inaonekana imekaa. Mzigo ukipanda, mahali pale panapata joto, panaungua, na moto unaanza. Ndiyo maana kufungwa kwetu kwa tupa na vipande vya waya hakukuwa kupoteza siku mbili tu. Kulikuwa ni hatari iliyofunikwa na mfuniko.

Tatu, fungueni mfuniko mwangalie nafasi. Je, kuna mahali pa kutosha pa kupitisha na kupinda nyaya juu na pembeni ya breka? Kisanduku kidogo kinavutia kwa bei, lakini fundi anahangaika na nyaya zilizobanana, na nyaya zilizobanana hujeruhiwa ngozi. Vile ambavyo reli yake imeinuliwa kutoka mgongoni ni vizuri zaidi, kwani nyaya hupita nyuma yake.

Nne, hesabuni matundu ya nyutro na ya erthi. Kila njia iwe na tundu lake katika kila upande, na ni vema yawe na namba zinazolingana na breka. Fundi atakayekuja miaka mitano baadaye atawashukuru.

Tano, tazameni mahali pa kuingizia mabomba ya wairingi. Matundu yaliyokatwa nusu kiwandani, ambayo fundi huyagonga yakatoka, yawe ya kipimo cha mabomba mliyonunua, tena juu, chini na nyuma. Tundu likishafunguliwa na halikutumika, lizibwe. Mijusi na nyigu hupenda sana visanduku vya umeme, na mjusi mmoja akigusa basiba anaweza kuzima jengo zima.

Sita, someni maandishi yaliyo usoni mwa breka. Mtaona herufi na tarakimu, mfano B16 au C20: hiyo tarakimu ni ampia. Chini yake iwepo namba kama 6000 ndani ya kiboksi kidogo. Huo ni uwezo wa breka kukata mkondo mkubwa wa hitilafu, kwa ampia. Breka isiyo na maandishi hayo, au yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, iacheni. Ulizeni pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dai risiti. Kwa upande wa RCD, majengo yenye kompyuta na vifaa vya kielektroniki yanafaa kuwa na ile ya aina A.

Saba, fikirieni kisanduku chenyewe kimetengenezwa kwa nini. Nchini Uingereza, tangu Januari 2016, kanuni zinataka visanduku vipya vya majumbani visiwe vya vitu vinavyoshika moto, na wengi wanatumia vya chuma. Uamuzi huo ulifuata moto uliokuwa ukianzia kwenye visanduku vya plastiki, hasa kwa sababu ya skrubu zilizolegea. Cha chuma ni kizuri, lakini kwa majengo yanayotegemea chuma cha erthi, kinadai uangalifu: mwili wake lazima uungwe na erthi, na nyaya zinazotoka kwenye mita zisiuguse. Mwulizeni mkandarasi kama inafaa kutanguliza RCD ya kuchelewa kidogo, ya miliampia 100, kabla ya kisanduku.

RCD MOJA, MBILI, AU KILA NJIA NA YAKE?

Hili ndilo lililotugharimu, kwa hiyo nalieleza peke yake.

Kisanduku chenye RCD moja kwa jengo lote ni rahisi na kinafungwa upesi. Kwa nyumba ya vyumba viwili kinaweza kufaa. Kwa zahanati hakifai, kwa sababu kosa la taa moja linazima kila kitu.

Kisanduku chenye RCD mbili kinagawa jengo katika pande mbili. Wekeni taa za nje, pampu na soketi za kawaida upande mmoja. Friji ya chanjo na taa za chumba cha kujifungulia upande wa pili. Hapa fundi lazima awe makini: nyutro za kila upande ziende kwenye basiba ya nyutro ya upande huo. Zikichanganywa, RCD zitakuwa zinakata bila sababu inayoonekana, na mtapoteza siku nzima mkitafuta kosa.

Namna ya tatu ni kutumia RCBO, yaani breka na RCD katika kifaa kimoja, kwa kila njia. Hiyo ndiyo bora. Taa ya barazani ikiingia maji, inazimika yenyewe na majirani zake hawana habari. Bei yake iko juu, na kwa sharika nyingi ni mzigo. Lakini kwa zahanati na vituo vya afya nashauri tuibebe, hata kama ni kwa njia zile mbili au tatu ambazo maisha ya mtu yanazitegemea.

MAMBO AMBAYO HAYAHARAKISHWI

Kisanduku kizuri kikishawaokolea nusu siku, itumieni nusu siku hiyo kwa mambo yafuatayo.

Chuma cha erthi kipigwe na kupimwa kwa mashine, si kwa kukisia. Skrubu zote zikazwe kwa kiwango kilichoandikwa na kiwanda, kwa bisibisi yenye kipimo kama ipo, kisha kila waya uvutwe kwa mkono kuhakikisha haujashikwa kwa ngozi yake. Hata skrubu za kiwandani zikaguliwe, kwa sababu hulegea katika safari ya lori. RCD ijaribiwe kwa kifaa cha kupimia, si kwa kitufe chake peke yake.

Kila breka iandikwe kazi yake kwa Kiswahili kinachosomeka: FRIJI YA CHANJO, TAA ZA NJE, PAMPU. Maandishi haya ni dakika tano za kazi. Usiku ule mkunga angekuwa nayo, angejua la kufanya: kushusha breka zote, kupandisha RCD, kisha kupandisha breka moja moja. Ile inayoirudisha RCD chini ndiyo yenye hitilafu. Iachwe chini na nyingine zitumike hadi fundi afike. Njia hii haiponyi kila kosa, lakini mara nyingi inarudisha mwanga. Mfundisheni mkunga, mwalimu na mlinzi.

Aidha, kazi yote ifanywe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na chochote kilicho upande wa mita ni cha TANESCO peke yao. Kama mna jenereta au mfumo wa jua, kuwe na swichi ya kubadilisha ambayo hairuhusu umeme wa aina mbili kukutana, la sivyo mtamuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akidhani laini imezimwa.

NYUMBA NDOGO

Kwa nyumba ya mwinjilisti yenye chumba kimoja au viwili, kuna kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kisanduku kimoja ambacho kikata-umeme, swichi na soketi vimo tayari, kwa hiyo hakihitaji wairingi ya nyumba nzima. Ni mfano mzuri wa jambo lile lile: kazi imefanyika kabla ya kufika ukutani. Kisitumike kwa zahanati, shule au jengo lenye vifaa vikubwa.

HITIMISHO

Baada ya usiku ule, dayosisi ilibadilisha kile kisanduku. Tulinunua cha kampuni moja kutoka mfuniko hadi breka, chenye RCD mbili, na RCBO kwa friji na chumba cha kujifungulia. Fundi yule yule alianza baada ya ibada ya asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapima na kuandika majina ya njia zote. Ukijumlisha siku mbili za kwanza, malipo ya kubadilisha na vifaa tulivyovitupa, ile bei ya chini niliyoitilia sahihi ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote.

Masika yaliyofuata taa ya barazani iliingia maji tena. Mkunga aliniambia aliigundua asubuhi, alipotaka kuizima na kukuta imekwisha kuzimika. Usiku kucha alikuwa akifanya kazi yake penye mwanga.

Kamati ambazo ziko katika hatua ya kununua zinakaribishwa kuleta orodha ya njia zao katika ofisi ya miradi, tuipitie pamoja kabla ya kulipa. Mungu awabariki katika ujenzi wa nyumba zake na za watu wake.